Je, Ni Haki Kumdunga Sindano Mtoto Asiye Mgonjwa?

Mtoto akiugua, kila mzazi ajua la kufanya: humchukua kwa mganga. Hapo hapana mashindano ya mawazo. Swali gumu lazuka pale mtoto anapokuwa mzima. Anacheza uani, anakula vizuri, kisha mama yake anaambiwa amlete adungwe sindano kwa ajili ya ugonjwa ambao haujafika, na ambao labda hautamfikia kamwe. Mtoto atalia. Mkono utamwuma siku moja au mbili. Yeye mwenyewe hakuulizwa, wala hana akili ya kutosha kujibu. Je, mzazi ana haki ya kumtia mtoto maumivu ya leo kwa ajili ya mema ya kesho yasiyo na hakika? Na kama anayo haki hiyo, je, ni hiari yake tu, au ni wajibu?

Swali hili si la wasomi wa mbali. Katika komini ya Kimemi, katika mji wote wa Butembo na huko Beni, watu waliulizana hivyo nyumbani, sokoni na njiani tangu Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Wengine walijibu kwa utulivu, wengine kwa hofu, na wengine kwa mawe na moto. Yafaa basi lichunguzwe polepole. Na kwa kuwa Ebola ni ugonjwa wa kutisha, ambao wataka kumpofusha mtu akili kwa hofu, ni afadhali kuanza na mfano mdogo zaidi: mtoto mwenye pumu, na mafua makali ambayo wengi huyaita gripi. Jambo likieleweka katika neno dogo, si vigumu kulitambua katika neno kubwa.

Mambo yenyewe yalivyo

Hakuna awezaye kuhukumu vema jambo asilolijua. Kwa hiyo kwanza yapasa kujua pumu ni nini na gripi ni nini.

Pumu, ambayo wengine huiita asima, ni ugonjwa wa mirija ya mapafu. Mirija ya mtoto mwenye pumu ni myepesi kuudhika. Moshi wa kuni na makala, vumbi la barabara, baridi ya asubuhi milimani, au mafua tu, vyatosha kuiamsha. Hapo mirija huvimba ndani, hujibana, hujaa makamasi, na mtoto huvuta pumzi kwa shida, kifua kikilia kama filimbi. Pumu si uchawi, wala haiambukizi. Mtoto mwenye pumu aweza kuishi miaka mingi, kusoma na kufanya kazi, akitunzwa vizuri.

Gripi si mafua ya kawaida ya kupiga chafya. Ni homa inayoletwa na virusi, yenye kikohozi, maumivu ya mwili na udhaifu mkubwa. Mtu mwenye nguvu hulala siku chache, kisha huinuka. Lakini gripi yaweza kuua. Mwaka 1918 na 1919 ilizunguka dunia nzima, ikafika Afrika Mashariki na Kongo pia, na wataalamu hukadiria kwamba watu wapatao milioni 50 walikufa. Mwishoni mwa mwaka 2024, katika eneo la Panzi, jimbo la Kwango, watu wengi walikufa kwa ugonjwa ambao mwanzoni ulidhaniwa kuwa mpya. Uchunguzi ulipofanywa ulionyesha malaria pamoja na virusi vya njia ya pumzi, na gripi ilikuwa mojawapo, katika miili iliyokwisha dhoofishwa na njaa. Wengi wa walioshikwa walikuwa watoto wadogo.

Sasa yawekwe mambo hayo mawili pamoja. Mtoto mwenye pumu hapatwi na gripi mara nyingi kuliko watoto wengine. Ila ikimpata humpiga zaidi. Mirija yake ilikuwa na uvimbe kabla, na gripi huongeza uvimbe juu ya uvimbe. Ugonjwa ambao kwa ndugu yake ni kulala siku tatu, kwake waweza kuwa safari ya hospitali usiku.

Chanjo ya gripi hufanya nini? Katika dawa ya sindano mna virusi vilivyokwisha kuuawa, au vipande vyake tu. Punje ya mahindi iliyokaangwa haioti shambani. Hali kadhalika virusi vilivyouawa haviwezi kuleta gripi. Vyatosha tu kuufundisha mwili, kama mlinzi aonyeshwavyo nguo za mwizi ili amtambue akija. Lakini mwizi huyu hubadili nguo zake mara kwa mara. Ndiyo sababu wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, yaani OMS, hukutana mara mbili kila mwaka, mwezi wa Februari na mwezi wa Septemba, kuchagua virusi vya kutiwa katika chanjo, na ndiyo sababu sindano hurudiwa mwaka kwa mwaka.

Yapasa pia kusema ukweli wote. Chanjo hii si ukuta usiopenyeka. Katika miaka inapolingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza hatari ya kupelekwa kwa mganga kwa ajili ya gripi kwa 40 hadi 60 kwa mia. Haiponyi pumu. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi. Tena kuna chanjo nyingine ya gripi, ya kupulizwa puani, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa; hiyo haifai kwa watoto wadogo wenye pumu, kwa maana yaweza kuamsha kubanwa kwa kifua. Basi mama anayeuliza, “Dawa hii ni ya namna gani?” hana ukaidi. Aliuliza swali lililo sawa kabisa, na anastahili kujibiwa.

Mzazi ni mwenye mtoto, au mlezi tu?

Wengine husema: “Mtoto ni wangu. Nikitaka achanjwe, nisipotaka asichanjwe.” Neno hilo lina ukweli nusu. Mtoto ni wa wazazi wake, maana wao ndio waliopewa kazi ya kumlea, wala mtu mwingine asiwapokonye kazi hiyo ovyo. Lakini mtoto si mali ya mzazi kama mbuzi alivyo mali. Mbuzi huuzwa, mtoto hauzwi. Mwenye mali aweza kuiacha iharibike, na hasara ni yake mwenyewe. Mzazi akimwacha mtoto aharibike, hasara ni ya mtoto. Kwa hiyo mzazi ni kama mtu aliyewekewa amana na mwenye mali aliye safarini. Siku moja mwenye mali atarudi, yaani mtoto atakua, atapata akili, naye aweza kuuliza: “Baba, mama, mliilindaje pumzi yangu nilipokuwa siwezi kuilinda?”

Hapo ndipo lipo jibu la swali la kwanza. Mzazi ana haki ya kumtia mtoto maumivu madogo ikiwa maumivu hayo ni kwa faida ya mtoto mwenyewe, ikiwa hatari inayokingwa ni kubwa kuliko maumivu yenyewe, na ikiwa mzazi amejitahidi kujua anachokitenda. Mama humwogesha mtoto asubuhi yenye baridi, naye hulia. Humtoa funza mguuni kwa pini, naye hupiga kelele. Hakuna anayemwita mama huyo mkatili. Wazee walisema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Hawakusema mtoto alizwe bure. Walisema kwamba mzazi anayepima machozi ya leo peke yake, asipime ya kesho, hajapima bado.

Mashaka ya watu

Kuna wasemao: “Mungu ndiye mlinzi. Kuchanja ni kukosa matumaini.” Lakini mtu huyo huyo, jioni ikifika, hufunga mlango wake. Hupanda maharage kabla ya mvua, na hujenga uzio kando ya shamba. Hakuna anayemwambia kwamba uzio wake ni ukosefu wa imani. Akili nayo ni kipaji, na asiyeitumia hamheshimu aliyempa. Kumtumaini Mungu ni jambo moja. Kumjaribu, kwa kuacha yawezekanayo na kudai yasiyowezekana, ni jambo jingine.

Wengine husema: “Sindano ndiyo iletayo ugonjwa. Jirani alichanjwa, na kesho yake akapata homa.” Homa ndogo baada ya chanjo yaweza kutokea, maana mwili uko kazini, nayo huisha upesi. Pengine pia mtu alikuwa amekwisha ambukizwa kabla ya kuchanjwa. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Lakini si jogoo aliyelichomoza jua. Kitu kinachofuata kingine si lazima kiwe kimezaliwa nacho.

Shaka la tatu ni zito zaidi, wala halipaswi kudharauliwa. “Hawa wanaoleta sindano ni nani? Wanatafuta nini kwetu?” Watu wa Beni na Butembo hawakuuliza hivyo kwa ujinga. Tangu Oktoba 2014 watu waliuawa Beni na vijijini kandokando yake kwa mapanga na kwa risasi, na waliobaki waliona kwamba msaada haukufika. Kisha mwaka 2018 magari mengi yakaja kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Mwishoni mwa Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu, huku mahali pengine watu wakipiga kura. Watu wakaona uchungu. Hata ilithibitishwa baadaye, katika taarifa ya tume huru ya mwezi wa Septemba 2021, kwamba baadhi ya watumishi wa kazi hiyo ya Ebola waliwadhulumu wanawake. Mambo hayo yalitendeka, na asemaye kwamba watu walishuku bila sababu hasemi kweli.

Lakini kutoka hapo njia mbili zafunguka. Njia moja ni ya kuuliza: kumtafuta mtu mwaminifu anayejua, labda muuguzi wa kituo cha afya aliyezaliwa mtaani na ambaye watoto wake mwenyewe wamechanjwa, na kumwuliza mpaka mtu aridhike. Njia ya pili ni ya hasira. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya kutibu Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, Daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyekuja kusaidia kupigana na Ebola, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Wagonjwa hawakupata faida yoyote katika kifo chake. Yeye hakuwaua watu wa Beni, wala hakuahirisha uchaguzi. Shaka ni kama moto wa jikoni: ukitunzwa hupika chakula, ukiachwa huunguza nyumba. Kushuku si dhambi. Kukataa kuuliza, na kumwadhibu mtu kwa kosa la mwingine, ndilo kosa.

Uzio wa jirani

Limebaki shaka la nne, ambalo husemwa kwa sauti ndogo: “Mtoto wangu ana nguvu. Hana pumu. Gripi si kitu kwake. Kwa nini ahangaishwe?”

Mtu huyo afikiri ugonjwa wamhusu anayeugua peke yake. Lakini gripi husafiri kwa pumzi, kwa kikohozi na kwa mikono. Mtoto mwenye nguvu hukaa dawati moja na mtoto mwenye pumu. Huongoka kwa siku tatu, lakini amekwisha mwachia mwenzake ugonjwa. Na mtoto mchanga wa miezi minne, ambaye hawezi bado kupewa chanjo ya gripi, hana kinga nyingine ila ile aliyoipata kwa mama yake na uzima wa wale wanaomzunguka.

Katika kazi ya Ebola jambo hili lilionekana kwa macho. Chanjo ilianza tarehe 8 Agosti 2018, na haikugawiwa kama nguo sokoni. Mgonjwa mmoja alipopatikana, walitafutwa wote waliomgusa, kisha wale waliowagusa hao, wakachanjwa, ikawa kama duara kumzunguka. Mwanzoni wanawake wenye mimba hawakupewa; walilindwa na duara hilo tu, yaani na mikono ya jirani waliokubali kudungwa. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Ugonjwa ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameshikwa na 2,287 walikuwa wamekufa. Kila nafasi katika duara ilikuwa na mtu, na kila aliyekataa aliacha pengo ambalo ugonjwa uliweza kulipitia.

Na wakati macho ya wote yalipoitazama Ebola, surua ilipita nchini Kongo kimyakimya. Kuanzia mwanzo wa mwaka 2019 mpaka Januari 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Chanjo ya surua ni ya zamani na yajulikana. Watoto hao wengi hawakufa kwa kukosa elimu ya waganga. Walikufa kwa sababu uzio ulikuwa na mapengo: pengine chanjo haikufika, pengine ilifika mtoto asiletwe.

Kwa hiyo aliye na nguvu ana deni kwa aliye dhaifu. Hakuna aliyejipa nguvu mwenyewe. Mtoto mwenye mapafu mazuri hakuyanunua, wala mwenye pumu hakuyaharibu. Kuupokea uchungu mdogo wa sindano kwa ajili ya mwenzake ni njia nyepesi ya kulipa deni hilo. Baba Mtakatifu Fransisko, alipozungumza mwezi wa Agosti 2021 juu ya chanjo za Korona, aliita kuchanjwa tendo la upendo.

Na pasipokuwa na chanjo?

Hapa mama wa Kimemi aweza kusema: “Maneno haya ni mazuri, lakini sindano ya gripi iko wapi?” Ana haki ya kusema hivyo. Katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto wa Kongo sindano ya gripi haimo. Marekani, kuanzia mwaka 2010, kila mtu aliyetimiza miezi 6 alishauriwa kuipata kila mwaka. Uingereza watoto wengi wenye pumu huitwa waipokee bila malipo. Pumu ni ile ile, mirija ni ile ile. Tofauti ni mahali mtoto alipozaliwa. Jambo hilo si sawa, na wajibu wa kulitengeneza uko mabegani mwa wenye mamlaka na wenye mali, si mabegani mwa mama huyo. Hakuna mtu apaswaye kutenda lisilowezekana.

Lakini kisichowezekana chote hakiondoi kiwezekanacho kwa sehemu. Mama aweza kumpeleka mtoto apewe chanjo zilizopo, ya surua na ile ya nimonia, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2011. Zote mbili hulinda mapafu. Baba aweza kulihamisha jiko mbali na mahali mtoto alalapo, na kuvuta sigara mbali na nyumba, au kuiacha kabisa. Mgeni mwenye kikohozi aweza kuombwa kwa adabu asimbebe mtoto. Dawa ya kuvuta aliyoagizwa mtoto mwenye pumu itumiwe kama ilivyoagizwa, isiachwe kwa sababu leo anapumua vizuri. Na akionekana mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, au hawezi kumaliza maneno, au midomo yaanza kuwa na rangi ya majivu, asingojewe mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali saa ile ile. Na mwenye nafasi ya kusikilizwa, awe mwalimu, chifu au mzee wa mtaa, aulize mbele ya wakubwa kwa nini watoto hawa wasipate wanachopata wengine.

Hiari na wajibu

Swali la mwisho: je, mtu alazimishwe? Mamlaka ya Kanisa yenye kuchunguza mafundisho ya imani, katika andiko la tarehe 21 Desemba 2020 juu ya chanjo za Korona, ilieleza kwamba kwa kawaida kuchanjwa si sharti la lazima, tena chanjo yapasa ipokewe kwa hiari. Lakini iliongeza kwamba anayekataa kwa dhamiri lazima afanye yote awezayo asiwe njia ya kuwapelekea wengine ugonjwa, hasa wale wasioweza kuchanjwa. Maneno hayo mawili yasitenganishwe. Wengi hulishika la kwanza na kuliacha la pili. Hiari si ruhusa ya kutojali. Asiyetaka kujenga sehemu yake ya uzio, basi asimame yeye mwenyewe langoni usiku kucha.

Na dhamiri si tamaa wala hofu. Dhamiri ni akili inayopima jema na baya baada ya kujua. Mzazi aliyeuliza, akapima, akatenda alichokiona kuwa chema, hana hatia hata mtoto akiugua baadaye. Atahuzunika, lakini hatajihukumu. Mzazi asiyetaka kuuliza, aliyefuata uvumi wa njiani tu, hakutimiza wajibu wake hata kama mtoto hakuugua. Ni kama mtu aliyevuka mto uliofurika akiwa amefumba macho, akafika ng’ambo. Kufika kwake si ushahidi kwamba alifanya vema.

Yashikwe basi maneno machache haya:

Mtoto ni amana, si mali.
Machozi ya leo yapimwe pamoja na machozi ya kesho.
Mwenye shaka aulize, asipige.
Mwenye nguvu ni uzio wa mdhaifu.
Asiyeweza yote afanye anayoyaweza, na mwenye uwezo mkubwa ana deni kubwa zaidi.